Mefiboshethi Ataishi Wapi?

(Mazungumzo ya ibada yaliyotolewa redioni. Somo: Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 9.)

Ninyi mlio nyumbani mkinywa chai, ninyi mlio safarini katika matatu, ninyi mlio vitandani hospitalini, na ninyi walinzi mnaotoka zamu ya usiku, karibuni tuketi pamoja kwa muda mfupi mbele ya Neno la Mungu. Ukiwa na Biblia karibu, fungua Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 9. Kama huna, usijali, nitakusimulia.

Habari hii ni ya mtu mmoja aitwaye Mefiboshethi. Alikuwa mwana wa Yonathani, na mjukuu wa mfalme Sauli. Alipokuwa mtoto wa miaka 5, habari ilifika kwamba baba yake na babu yake wamekufa vitani. Yaya wake akamnyakua akakimbia naye, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Hayo tunayasoma katika sura ya 4. Basi angalieni, ndugu zangu. Mtu huyu hakuzaliwa hivyo. Wala hakulaaniwa. Aliangushwa na mtu aliyempenda, siku ya fujo.

Miaka ikapita, Daudi akatawala. Siku moja akauliza kama amesalia mtu ye yote wa nyumba ya Sauli, apate kumtendea wema kwa ajili ya rafiki yake Yonathani. Mtumishi mmoja, jina lake Siba, akajibu kwamba yuko mwana wa Yonathani, ila amelemaa miguu. Daudi hakuuliza amelemaa kiasi gani. Hakuuliza atafaa kwa kazi gani. Aliuliza tu mahali alipo.

Alikuwa Lo-debari, ng'ambo ya mto Yordani, katika nyumba ya mtu aitwaye Makiri. Wengi wanaoifahamu lugha ya Kiebrania husema jina hilo maana yake ni mahali pasipo malisho. Mjukuu wa mfalme, mtu mzima mwenye mtoto wake mwenyewe, alikuwa akiishi mbali, katika nyumba ya mtu mwingine, asijulikane.

Wapendwa, swali la Daudi ndilo nataka tuulizane asubuhi ya leo. Mtu mwenye ulemavu yuko wapi katika mitaa yetu? Ataishi wapi?

Mimi natumika katika pande za Ruiru na Thika. Sisi wa Thika tuna sababu ya kumshukuru Mungu. Tangu mwaka 1946 Jeshi la Wokovu limekuwa na shule ya wasioona mjini mwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 likaanzisha shule ya Joytown, kwa watoto wenye ulemavu wa viungo. Watoto wameletwa hapo kutoka kila upande wa Kenya. Wengi waliingia wakiwa wamebebwa mgongoni, wakatoka wakiwa watu wenye elimu na kazi.

Lakini shule, hata iwe nzuri namna gani, ina siku ya mwisho. Mwanafunzi hupewa cheti chake, hufunga sanduku lake, na lango hufungwa nyuma yake. Bweni lilikuwa na mteremko badala ya ngazi, na choo chenye mlango mpana. Je, sasa anakwenda kulala wapi? Anakuja kutafuta chumba cha kupanga Makongeni, au Kiganjo, au Kiandutu, au Kimbo kule Ruiru, kama kijana mwingine ye yote. Hapo ndipo anapokutana nasi, watu wa kanisa. Maana ploti hizi ni za nani? Nyingi ni zetu.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta watu 490,120 mjini Ruiru, na watu 251,407 mjini Thika. Tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, mashamba ya kahawa yamegeuka kuwa magorofa. Kila mwenye robo eka amejenga. Hilo si dhambi, watu wanahitaji mahali pa kulala. Lakini hebu tuangalie jinsi tulivyojenga.

Katika magorofa yetu mengi, vyumba vya chini vinavyotazama barabara ni maduka, kwa sababu duka hulipa kodi kubwa kuliko chumba cha kulala. Vyumba vya bei nafuu viko juu kabisa, kwa sababu kupanda kunachosha. Basi fikiri. Mtu asiyeweza kupanda ngazi, na ambaye mara nyingi mapato yake ni kidogo, chumba anachoweza kukilipia hawezi kukifikia, na chumba anachoweza kukifikia hawezi kukilipia. Hakuna aliyekaa chini akapanga kumfungia nje. Tulipiga tu hesabu zetu, naye hakuwemo katika hesabu.

Sasa niwaambie habari ya mtu mmoja wa kanisa letu. Sitamtaja jina, ila amenipa ruhusa niseme.

Mtu huyu alikuwa fundi wa mawe. Siku moja alianguka kutoka ghorofa ya tatu ya jengo lililokuwa likijengwa, mahali ambapo hapakuwa na kizuizi cho chote ukingoni. Uti wa mgongo uliumia. Alikaa hospitalini miezi mingi, na kanisa likafanya harambee. Alipotoka, tulimshukuru Mungu, tukamnunulia kiti cha magurudumu, tukapiga makofi. Kisha kila mtu akaenda zake.

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya tatu. Vijana wawili walimbeba mgongoni mpaka juu, kiti kikaachwa chini kwa mlinzi. Alikaa juu wiki 6 bila kushuka. Mke wake alikuwa akiuza mboga, akiondoka alfajiri na kurudi jioni. Nilipokwenda kumtembelea, nilihesabu ngazi zile nikipanda, zilikuwa 54. Nilifika nikihema. Nikamwambia, "Pole ndugu yangu, ngazi hizi ni kali." Akatabasamu kidogo akasema, "Pasta, ngazi hizi nilizimwaga mimi kwa mikono yangu."

Nikakosa la kujibu. Nilifungua Biblia nikasoma, nikaomba, nikashuka. Lakini neno lile lilishuka pamoja nami.

Jumamosi moja vijana walimteremsha, tukaenda pamoja kutafuta chumba cha chini. Ploti ya kwanza, chini yote ilikuwa maduka. Ya pili, chumba kilikuwa chini na kodi yake ya wastani, lakini choo kilikuwa mwisho wa ua, kimeinuliwa juu ya ngazi mbili, na mlango wake haukufika upana wa futi 2. Kiti chake kilikuwa na upana wa inchi 26. Ya tatu, mtunza ploti alikitazama kile kiti, akasema chumba kimeshachukuliwa. Wiki iliyofuata nilipita pale, na kibao cha kusema kuna chumba kilikuwa bado kinaning'inia. Ya nne, mwenyewe alikubali, ila alitaka kodi ya miezi 3 mbele, na wapangaji wengine walikuwa wametoa ya mwezi mmoja.

Jioni, tukirudi, yule fundi aliniuliza kwa upole, "Pasta, na ile ploti yenu?"

Ndugu zangu, mimi na mama watoto tuna vyumba 8 vya kupangisha. Tulivijenga kwa mkopo wa chama cha akiba, ili vitusaidie uzeeni. Siku ile nzima tulipozunguka nikiwanung'unikia wenye ploti, sikuwa nimeikumbuka ploti yangu hata mara moja. Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu niliujua mlango wake. Tuliinua msingi kwa ajili ya maji ya mvua, na mbele ya lango tukaweka ngazi 3. Fundi wetu alitaka kuacha nafasi pembeni ya kupitia. Mimi ndiye niliyesema, "Hapana, nafasi hiyo ni chumba cha nane." Chumba cha nane kilikula njia ya mtu huyu kabla sijamjua.

Nilipokuwa chuo cha theolojia, mwalimu alitufundisha neno la Kiebrania lililotumika katika sura hii kwa wema wa Daudi. Ni neno hesedi. Si huruma ya kupita njia, bali ni wema unaofungwa na agano, wema wa mtu anayejua kwamba anadaiwa. Nililijibu swali hilo katika mtihani, nikapata alama nzuri. Lakini jioni ile nilijua kwamba neno lenyewe sikuwa nimelisoma bado.

Basi turudi kwa Daudi tuone alifanya nini. Ninaona mambo matatu.

Jambo la kwanza, Daudi alifungua mlango. Zamani, Daudi alipouteka mji wa Yerusalemu, ulizuka msemo kwamba vipofu na viwete wasiingie nyumbani. Uko katika sura ya 5 ya kitabu hiki. Na katika sura ya 9, mlango ule ule unapitisha mtu aliyelemaa miguu yote miwili, naye anaketi mezani. Msemo haukuondolewa kwa hotuba. Uliondolewa na mtu mmoja kuingia.

Na msifikiri kwamba mlango ni jambo dogo lisilomhusu Mungu. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, Mungu aliwaagiza watu wake kwamba mtu akijenga nyumba mpya, aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka, na damu ikawa juu ya nyumba ile. Hiyo ni sheria ya ujenzi, ndani ya Maandiko Matakatifu! Kama ingalishikwa, ndugu yetu fundi angalikuwa akitembea leo. Na katika Mambo ya Walawi sura ya 19 imekatazwa kuweka kikwazo mbele ya kipofu. Sisi tunawekaje? Tunafunga kamba za kuanika nguo kimo cha shingo. Tunamwaga kokoto katikati ya njia, tunaacha mitaro wazi na nondo zimetokeza. Asiyeona anapita hapo kila siku. Mungu anajua habari za kamba yako.

Na gharama yake? Mafundi watakuambia kipimo. Kwa kila inchi moja ya kupanda, mteremko uwe na urefu wa inchi 12. Ngazi moja ya inchi 6 inataka mteremko wa futi 6. Mlango uwe na upana wa inchi 32 au zaidi, kiti kipite bila kuumiza mikono ya mwenye kukisukuma. Chooni kuwe na nafasi ya kiti kugeuka, na vyuma viwili vya kushikilia ukutani. Kwa asiyesikia, taa inayowaka mtu anapobonyeza kengele mlangoni. Ukiyafanya hayo siku ya kuchimba msingi, gharama inayoongezeka ni ndogo. Ukingoja mpaka jengo liishe, utavunja ukuta, kama nilivyovunja mimi.

Jambo la pili, Daudi alimweka katikati ya watu. Angeweza kutuma ngano na mafuta kule Lo-debari kila mwezi. Angeweza kumjengea nyumba nzuri huko huko, pamoja na walemavu wengine, na kuweka mlinzi langoni. Watu wangemsifu. Lakini alimleta Yerusalemu, akamketisha mezani pamoja na wana wa mfalme, naye akakaa mjini na mtoto wake mdogo Mika.

Wako watu wema wasemao, "Pasta, tuwajengee watu hawa kijiji chao, watunzwe pamoja." Wanasema hivyo kwa upendo, na wako wanaohitaji uangalizi mkubwa. Lakini kijiji cha walemavu peke yao, mbali na soko na kanisa, ni Lo-debari yenye rangi mpya. Mtu hahitaji paa peke yake. Anahitaji jirani wa kumwomba chumvi, na duka la kukopa mkate, na mtu wa kugundua kwamba leo hajafungua dirisha. Ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuthibitisha mwaka 2008, unasema kwamba watu hao wana haki ya kuchagua mahali pa kuishi na watu wa kuishi nao, kama watu wengine. Daudi alikuwa amekwisha kulitenda hilo.

Tena halishindikani. Huko Ubelgiji uko mji uitwao Geel. Kwa mamia ya miaka watu wa mji huo wamewapokea wagonjwa wa akili majumbani mwao, wakala nao na kufanya kazi nao. Mwaka 1938 wageni hao walikuwa zaidi ya 3,000, wote wakiishi katika nyumba za watu wa kawaida, wakulima na mafundi.

Nasema hivi nikimkumbuka mama mmoja wa Thika, mwenye mwana aliye mtu mzima kwa miaka lakini akili yake ni ya mtoto. Mama huyu hufanya kazi za kibarua. Kwa miaka mingi alikuwa akimfungia mwanawe ndani asubuhi, akimwachia uji na maji, maana hakuwa na mtu wa kumwachia. Aliniambia, "Pasta, siombi maisha marefu kwa ajili yangu. Naomba nisife kabla yake. Nikifa, ataishi na nani?" Wapendwa, hilo ni ombi la kutisha. Mama anaomba amzike mwanawe! Na kanisa liko mtaani kwake, kengele anaisikia. Akina mama wa kanisa waliposikia neno hilo waligawana siku za juma, kila mmoja na zamu yake, kijana akawa anashinda nao, akichambua maharagwe na kuwachunga kuku. Mlango haufungwi tena. Lile swali la mwisho bado hatujalijibu lote, lakini mama haliulizi peke yake.

Jambo la tatu, Daudi alimpa haki yake. Kabla ya kutaja chakula, alitaja mashamba. Alimrudishia mashamba yote ya babu yake Sauli, akamwamuru Siba na wanawe wayalime kwa ajili yake. Yaani Mefiboshethi hakula mezani kama maskini wa kuhurumiwa. Alikula akiwa mtu mwenye mali.

Hapa niseme kwa upole, lakini niseme. Katika nchi yetu ya Kiambu shamba hugawanywa baba akifa. Ni mara ngapi tumegawa, tukamruka ndugu mwenye ulemavu, tukisema, "Huyu atakaa na sisi"? Anakaa nasi mwaka mmoja, miwili. Kisha shemeji anachoka, ploti inauzwa, naye hana hata mahali pa kuweka kitanda. Siba naye alifanya hivyo hivyo. Mkisoma sura ya 16 na ya 19, mtaona jinsi Mefiboshethi alivyosema kwamba mtumishi wake alimdanganya, akamwacha nyuma na kumsingizia kwa mfalme, kwa kuwa hakuweza kutembea. Nyumba ya bei nafuu kuliko zote kwa mtu mwenye ulemavu ni ile iliyo juu ya ardhi iliyo haki yake. Mwandikieni jina lake katika hati.

Na haki hiyo iko pia katika sheria za nchi. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao yanayofaa na yanayofikika. Bunge lilitunga sheria ya watu wenye ulemavu mwaka 2003, na sheria mpya ikatiwa sahihi mwezi wa Mei mwaka 2025. Tena tangu sheria ya nyumba ya mwaka 2024, wafanya kazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Basi ulizeni, ninyi mnaokatwa, kama nyumba hizo zina mlango wa kumfaa Mefiboshethi. Kuuliza si siasa. Daudi aliuliza.

Lakini tusijifiche nyuma ya serikali. Ile hesabu ya mwaka 2019 ilikuta watu karibu 900,000 wenye ulemavu nchini. Serikali haiwezi kuwa jirani wa watu wote hao. Jirani ni wewe.

Sasa mtauliza, yule fundi aliishia wapi? Nilipomweleza mama watoto, aliniuliza nani atalipa mkopo. Lilikuwa swali la haki, na sikuwa na jibu la haraka. Tuliomba, tukapiga hesabu, tukabishana, tukaomba tena. Mwisho tulikivunja chumba cha nane. Sehemu moja ikawa choo kipana, na sehemu nyingine ikawa njia. Zile ngazi 3 za inchi 6 zilitaka mteremko wa futi 18. Aliyesimamia kazi ni fundi mwenyewe, ameketi katika kiti chake, pima maji mkononi, akiwakemea vijana waliokuwa wakimwaga saruji ovyo. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya ajali yake kumsikia akiamrisha. Kodi ya chumba kile imetupotea, na mkopo utaisha mwaka mmoja baadaye kuliko tulivyopanga. Hatujafa njaa.

Jumapili ya kwanza alikuja kanisani akijisukuma mwenyewe. Alifika mlangoni, akasimama. Mlango wa kanisa letu ulikuwa na ngazi 4! Nilikuwa nimehubiri ndani ya jengo lile kwa miaka, nikiwaalika wote. Mwezi uliofuata vijana walimwaga mteremko pale pia.

Leo yeye ni mpangaji kama wengine. Hulipa kodi, na mwezi mwingine huchelewa, kama wengine. Hufungua redio yake kwa sauti kubwa, pengine ananisikia hata sasa. Juzi jirani alimgombeza kwa kelele hizo, akaja kunishtakia. Nilimpa pole, lakini moyoni nilifurahi. Mtu anayegombezwa na jirani ni jirani.

Wapendwa, kabla sijamaliza, mnamkumbuka Makiri wa Lo-debari, aliyempa Mefiboshethi mahali pa kulala wakati hakuna aliyemjua? Someni sura ya 17. Mfalme Daudi alipofukuzwa na mwanawe Absalomu, akavuka Yordani amechoka, ana njaa na kiu, ni nani waliomletea vitanda, na mabakuli, na ngano? Mmoja wao alikuwa huyo huyo Makiri. Nyumba iliyokuwa na nafasi kwa mtu aliyelemaa ilikuwa na kitanda kwa mfalme siku mfalme alipokuwa mkimbizi. Ye yote kati yetu anaweza kuanguka. Ajali ni ya dakika moja, na uzee unakuja bila kupiga hodi. Mteremko unaoumwaga leo kwa ajili ya mwingine, huenda kesho magoti yako yakaushukuru.

Na zaidi ya yote, sisi sote ni akina Mefiboshethi. Tulianguka, tukalemaa kwa dhambi, tukaishi mbali mahali pasipo malisho. Mfalme akatuuliza tuko wapi, kwa ajili ya agano la Mwanawe. Hakutupandishia ngazi ndefu akasema tukiweza tupande. Alishuka yeye. Kila tunapokuja kwenye Meza ya Bwana, tunakula mahali tusipostahili. Je, tuliopewa mahali bure tutamnyima mwenzetu mlango?

Basi wiki hii fanya jambo moja. Kama unajenga, au una vyumba vya kupangisha, simama langoni pako, ujiulize kama Mefiboshethi angeingia. Kama unagawa shamba, usimruke. Kama wewe ni mpangaji tu, huna ploti, inua kamba yako ya nguo, ubishe hodi kwa yule usiyemwona akitoka. Anza na swali la Daudi. Uliza mahali alipo.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, wewe uliyetuandalia makao mengi mbinguni, utusamehe kwa milango tuliyoifanya myembamba. Uwakumbuke waliofungiwa ndani leo, na waliobaki juu ya ngazi wasizoweza kushuka. Uwatie nguvu wazazi wanaoogopa kufa. Uwape hekima mafundi wetu, na wenye ploti, na watawala wetu, na uwalinde wote wafanyao kazi mahali pa juu. Utufanye kuwa majirani, hata siku ile tutakapoketi sote mezani pako. Tunaomba haya kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Bwana awabariki. Kwaherini, mpaka tutakapokutana tena.